Sheria ya Tumbili

Juni 2

Msimu wa kombe umefunguliwa leo na tayari nimekasirika. Katibu wa klabu alitukusanya barazani, akachomoa majina kwenye kofia, akatutakia sote "mchezo wa kiungwana". Neno hilo likitoka kinywani mwake nasikia harufu ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka, na mimi ni dobi, harufu hiyo naijua.

Mwaka huu ni kombe la wawili wawili. Mimi nacheza na Daktari, rafiki yangu anayetibu meno, ambaye huongea na mpira wake wa gofu kama anavyoongea na wagonjwa wake: "Tulia, tulia mpenzi, haitauma." Mume wangu anacheza na kaka yake. Shemeji huyo ndiye nahodha wa klabu, kwa hiyo kila mtu anamwita Nahodha, hata mimi. Alifiwa na mke mwaka jana. Tangu hapo akitaka kitu anapewa, na mwaka huu anataka kombe.

Kiwanja kimependeza, hilo lazima niseme hata nikiwa na hasira. Bahari upande wa kushoto, miti mikubwa upande wa kulia, na katikati nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele za katibu. Huchezi peke yako kule. Kenge amelala kwenye mchanga wa shimo la nne na ni wewe utakayezunguka. Yangeyange wanatembea mbele yako kwa madaha kana kwamba wamelipia uanachama. Paa hutoka asubuhi kunywa maji, wakikuona wanakutazama kwanza ndipo wakimbie. Na shimo la kumi na mbili, pale miti inapoingia karibu kabisa na nyasi, ni la tumbili.

Ndiyo maana tuna Sheria ya Tumbili. Imebandikwa mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo: tumbili akichukua mpira wako, weka mwingine palepale, hupotezi pigo, mradi mchezaji mwingine awe amemwona akiuchukua. Basi. Hakuna karani wala shahidi wa kuapishwa. Sheria nzima imesimama juu ya neno moja tu, "nimemwona". Waliotunga walikuwa watu wanaoaminiana.

Juni 9

Tumeshinda mechi ya kwanza, mimi na Daktari, lakini nimerudi nyumbani nafoka.

Shimo la kumi na mbili mpira wangu ulitua pazuri. Nikiwa bado najisifu, akashuka Kigutu. Huyo ni jike mzee, mkia umekatika nusu, na ndiye mkubwa wa kundi lile, maana wengine humsubiri yeye atoke kwanza. Akauokota mpira wangu kwa mikono miwili. Akauuma. Akanitazama kwa dharau kama mteja aliyeuziwa tunda bovu, akaondoka nao.

"Mwizi mkubwa wee!" nikapiga kelele. "Shenzi! Rudisha!"

"Nimemwona," akasema Daktari, akiwa ameshika kiuno. "Na ana meno mazuri kuliko wagonjwa wangu wote wa wiki hii."

Nikaweka mpira mwingine palepale. Wapinzani wetu wakacheka, nami nikacheka mwishowe. Hivyo ndivyo sheria inavyotakiwa kufanya kazi.

Juni 11

Upepo siku nzima. Shuka tatu za hoteli zimenikatia kamba.

Juni 16

Leo hatukuwa na mechi, tukacheza wanne: mimi, Daktari, mume wangu na Nahodha. Shimo la kumi na mbili Nahodha akaupiga mpira vibaya, ukaingia kabisa kwenye miti. Tuliusikia ukigonga mbao, ko, ko, kisha kimya. Akaenda mbele kwa hatua ndefu, akapotea nyuma ya kichaka, akatoka ameinua mikono.

"Tumbili! Ulikuwa umerudi kwenye nyasi fupi, akaja akauchukua mbele ya macho yangu!"

"Nimemwona, kaka," akasema mume wangu.

Mume wangu alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Najua kwa sababu nilikuwa nimesimama juu yake, namngoja.

Labda aliinua kichwa kidogo. Labda. Nimejiambia hivyo njia nzima ya kurudi.

Juni 23

Klabu imepatwa na ugonjwa. Leo barazani kila mtu ana hadithi ya tumbili. Muuza matairi ameibiwa mpira shimo la nane. Mke wa rubani ameibiwa mara mbili. Mmoja anadai kaibiwa shimo la tatu, pale ufukweni ambapo hakuna hata mti, na mwenzake akaitikia bila kumeza alichokuwa anatafuna: "Nimemwona."

Shimo la tatu! Huyo tumbili aliogelea?

Wameona Nahodha anafanya, nao wanafanya. Mpira ukipotea, badala ya kujiongezea pigo kama mtu mzima, unamsingizia mnyama asiyejua kusoma mlango.

Juni 27

Nahodha amepita dukani kuacha nguo. Tangu afiwe namfulia mimi.

"Shemeji, isugue vizuri hiyo suruali," akasema. "Jana nimemkimbiza tumbili mpaka kwenye matope kule nyuma ya kumi na mbili. Nimezama mpaka magotini!"

Nikaigeuza suruali. Nikaigeuza tena. Ilikuwa na doa la chai pajani na vumbi kidogo kwenye pindo. Matope ya kule nyuma ni meusi, yananuka, hayatoki hata kwa maji ya moto.

"Shemeji, matope yako wapi?"

"Ah, nilivaa nyingine," akasema, akatoka akipiga mluzi.

Nimeifua. Nimeipiga pasi mpaka ikalia.

Juni 30

Tumegombana na mume wangu. Hatujagombana hivi tangu tuhamie nyumba hii.

Nilimuuliza jikoni, akiwa anamenya viazi, "Siku ile kwenye miti, ulimwona tumbili au hukumwona?"

"Mke wangu, ni mpira tu."

"Sikuulizi ni nini. Nakuuliza uliona nini."

"Kaka kasema kaona. Nimwambie ni mwongo?" Akaendelea kumenya, maganda yanatoka mazito, nusu ya kiazi inaenda na ganda. "Kaka ndiye aliyenilea, unajua. Sasa amebaki peke yake kwenye nyumba ile. Ana nini kingine? Mwache apate kombe lake."

"Ana wewe," nikamwambia. "Shahidi wake wa kila siku."

Akaweka kisu chini, akaenda kukaa nje.

Nakumbuka nilivyompata mtu huyu. Alikuwa mteja tu. Siku moja alichukua shati lake, akaenda, baada ya muda akarudi amelishika kwa vidole viwili. "Dada, hili si langu," akasema. "Langu limechakaa kuliko hili." Nilikuwa nimemkosea nikampa la mtu mwingine, jipya, kitambaa kizuri, na lilimkaa. Nikampenda palepale. Jioni hii nimekuwa nikijiuliza mtu yule alienda wapi.

Julai 4

Tumeshinda tena. Daktari amepiga mpira ukapita juu ya kenge, na kenge hakushtuka.

Julai 7

Mvua. Hakuna gofu, hakuna nguo iliyokauka, hakuna anayeongea nyumba hii.

Julai 8

Ngoja niandike polepole.

Kamati iliita wanachama wote leo mchana. Katibu akasimama, akakohoa, akasema wizi wa mipira umezidi mno msimu huu, wageni wanalalamika, tumbili wamekuwa "kero isiyovumilika". Kwa hiyo kamati inapendekeza waondolewe.

"Waondolewe wapelekwe wapi?" nikauliza.

Katibu akatazama ndani ya kikombe chake. Nyuma yangu mtu akacheka puani. Ndipo nikaelewa kwamba hawapelekwi popote.

Nikasimama. "Hao tumbili hawajachukua hata robo ya hiyo mipira, na kila aliyekaa humu anajua."

"Mama," akasema katibu kwa ile sauti yake laini, "una maana wanachama wetu wanasema uongo? Mtaje basi mmoja."

Nahodha alikuwa ananitazama, anatabasamu. Mume wangu alikuwa anatazama kitambaa cha meza, kitambaa nilichokifua mimi. Jina lilikuwa ulimini. Lakini kumtaja Nahodha ni kumtaja na aliyekuwa anasema "nimemwona", mbele ya watu wote, na hilo sikuliweza. Nikakaa. Nimejiudhi kuliko walivyoniudhi wao.

Wakapiga kura kwa mikono. Nahodha aliinua wake juu kabisa. Mkono wa mume wangu ulipanda mpaka kwenye sikio, ukajifanya unakuna sikio. Sijui waliuhesabia upande gani.

Wamekubaliana. Mtu wa mitego ataletwa baada ya fainali.

Julai 14

Nimeenda shimo la kumi na mbili asubuhi bila fimbo. Kigutu alikuwa amekaa juani anatolewa chawa na binti yake. Kuna wadogo wawili wananing'inia kwenye bendera yetu. Nimewatukana wote. Nimewaambia waondoke, wahame, msitu ni mkubwa, wajinga nyie. Mmoja akanirushia ganda la tunda.

Julai 15

Nilijaribu kwa Nahodha mwenyewe, peke yake, dukani. Nikamwambia, "Shemeji, wewe unajua hawajaiba. Kawaambie kamati waache."

"Wewe unapenda wanyama kuliko watu," akanijibu.

"Napenda watu wasio waongo."

Akachukua mashati yake hata sijamaliza kuyafunga.

Julai 21

Tumeingia fainali. Na wao wameingia. Daktari ananiambia nijikaze kisabuni. Mtu wa kuniambia hivyo alikuwa mume wangu, ndiye aliyependa utani huo wa dobi.

Julai 28

Nitaandika yote.

Fainali ilikuwa asubuhi, sisi wawili dhidi ya wale ndugu wawili. Mimi nilitangulia mapema kwa sababu nilikuwa na vitambaa vya meza vya sherehe. Vikapu vyangu huwa naviacha kwenye banda la mashine za kukatia nyasi, nyuma ya jiko la klabu. Nikasukuma mlango.

Banda lilikuwa limejaa vizimba vya waya. Ndani yake tumbili. Wamebanwa watatu watatu, wanne wanne, na walikuwa kimya. Hicho ndicho kilichonishtua, maana tumbili hawanyamazi. Mtu wa mitego alikuwa amekaa juu ya ndoo anakunywa chai.

"Si mlisema baada ya fainali?" nikamuuliza.

"Nina kazi nyingine kesho, mama. Nikaona niwahi. Jana jioni na leo alfajiri, ndizi tu, wameingia wenyewe." Alikuwa anajivunia. "Wote. Mkata nyasi kanisaidia, tumekagua msitu mzima. Hajabaki hata mmoja. Lori linakuja jioni."

"Nahodha anajua?"

"Katibu kasema leo asisumbuliwe, ana mechi."

Kigutu alikuwa kizimba cha mwisho, karibu na bati, mahali penye joto. Alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili, kama alivyoushika mpira wangu. Nikamwambia yule mtu amsogeze, ampe maji. Akasema atampa.

Nikaenda mbio kwenye shimo la kwanza. Nahodha alikuwa amevaa ile suruali, pasi yangu bado imesimama.

"Shemeji, lazima nikwambie kitu. Kule bandani..."

"Mambo ya kamati baada ya mchezo," akasema, kiganja usoni pangu. "Usinitie kiwewe, nakujua."

"Ni hao tumbili..."

"Baada ya mchezo, shemeji!"

Mume wangu akanishika bega. "Mama watoto, leo tu. Tafadhali."

Sawa. Nilinyamaza. Nikaucheza mpira kwa hasira tupu, na nikagundua kwamba hasira inapeleka mpira mbali. Daktari alinitazama mara mbili tatu, akaacha hata kuongea na mpira wake. Bahari ilikuwa imechafuka, upepo unatupiga ubavuni, na watu walikuwa wanatufuata kwa nyuma. Tulifika shimo la kumi na mbili tukiwa sawa.

Nahodha akapiga. Upepo ukaushika mpira, ukaupeleka kulia, ndani ya miti. Ko, ko. Kimya.

Hata tawi moja halikutikisika. Kila mara mtu akipiga kule, miti hiyo hucheka na kugombana. Leo ilikuwa miti tu. Nilidhani kila mtu atalisikia hilo. Hakuna aliyesikia.

Nahodha akaenda kwa hatua zake ndefu, akazama kichakani, akatoka ameinua mikono.

"Tumbili! Pale pale kwenye nyasi fupi! Ni yule kikongwe, wa mkia mfupi!"

Mume wangu alikuwa nyuma yangu. Niligeuka. Alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa pindo la shati, na bila miwani mtu huyu hanitambui mimi mezani.

"Nimemwona," akasema.

Sikupiga kelele. Watu wanasema nilipiga kelele, wanadanganya, ndiyo kazi yao.

"Umemwona nani?" nikamuuliza.

"Tumbili."

"Kigutu?"

Akamtazama kaka yake. "Eeh. Kigutu."

"Haya, tumefahamu aliyechukua. Twendeni tukamdai."

Nikageuka nikaenda. Daktari akanifuata. Mume wangu akafuata kwa sababu ananijua, Nahodha akafuata akilalamika kwamba nitaondolewa mchezoni, na watazamaji wakafuata kwa sababu ni watazamaji. Tukakatiza kiwanja kizima, tukapita nyuma ya jiko. Nikasukuma mlango wa banda.

Mtu wa mitego akasimama, ndoo ikaanguka.

"Kuna tumbili hata mmoja aliyebaki nje?" nikamuuliza mbele yao.

"Hakuna hata mmoja, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Si nilikwambia?"

Nikamgeukia Nahodha ili nimwonyeshe kizimba cha mwisho. Nilikuwa nimepanga la kumwambia tangu mbali. Kumbe Kigutu alikuwa amelala ubavu. Mkono mmoja ulikuwa bado umeingia kwenye waya. Bakuli la maji lilikuwa karibu na mlango, mbali naye, limejaa.

"Ah, huyo mzee," akasema mtu wa mitego. "Amekufa sasa hivi. Joto."

Daktari akapiga magoti pale chini, akaingiza vidole, akagusa shingo yake, akatikisa kichwa.

"Ndiye huyo," nikamwambia shemeji yangu. "Kachukua mpira wako sasa hivi, mmemwona nyie wawili. Mwombe akurudishie."

Nahodha akageukia watu, akamgeukia ndugu yake. "Mwambie," akasema. "Mwambie labda ulikuwa mwingine."

Mume wangu akavaa miwani. Akamtazama Kigutu kwa muda mrefu, akawatazama na wengine, kizimba kwa kizimba.

"Sikumwona," akasema.

"Nini?"

"Sikumwona, kaka. Leo sikumwona, na siku zile zote sikumwona. Sijaona tumbili hata mmoja akichukua mpira wako. Nilikuwa nasema tu."

"Unaniaibisha mbele ya watu kwa ajili ya nyani?"

"Hawa si nyani, ni tumbili," akasema Daktari pale chini, analia. "Hata mliyemsingizia hamumjui."

Nahodha akasimama pale, fimbo mkononi, uso umemshuka, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nilimwona ni mzee aliyefiwa. Haikunipunguzia hasira. Nilitaka inipunguzie, haikunipunguzia.

Nikaanza kufungua vizimba. Katibu akaja mbio anahema, "Mama, kuna utaratibu! Kuna uamuzi wa kamati!" Hakuna aliyemjibu. Mume wangu alikuwa ameshaanza upande wa pili, vidole vinamtoka damu kwa waya. Yule mtu wa mitego akamwambia katibu kwamba yeye aliambiwa kukamata, hakuambiwa kuwazuia watu wenye hasira, akaja kutusaidia. Tumbili walitoka wakapita katikati ya miguu ya wanachama. Muuza matairi alipanda juu ya mashine ya kukatia nyasi.

Binti yake Kigutu hakutoka. Alikaa kizimbani mlango ukiwa wazi mpaka sisi tulipoondoka.

Julai 29

Mkata nyasi amechimba shimo chini ya miti ya kumi na mbili, tumemzika. Sijaongea na mume wangu. Amepika, nimekula.

Agosti 4

Kamati haikuomba radhi. Imesitisha uamuzi wa kuwaondoa na imefuta Sheria ya Tumbili "kutokana na matumizi yasiyofaa", bila kusema nani aliitumia. Kuanzia sasa mpira ukichukuliwa umepotea, unajiongezea pigo kama kawaida. Kombe tumepewa sisi. Daktari ameliweka kliniki, watoto wanatemea humo.

Nahodha ameacha unahodha na amehamia kwa dobi mwingine. Mume wangu huenda kwake kila jioni, hukaa naye. Leo nimemwuliza wanaongea nini.

"Hataki kuongea na mimi," akasema. "Nakaa tu."

"Na bado unaenda?"

"Ni kaka yangu. Lakini ushahidi, mke wangu, simtolei tena."

Nimempa chupa ya chai na vikombe viwili abebe kesho. Bado nimekasirika, lakini nimempa.

Agosti 18

Tumecheza wawili tu, mimi na mume wangu, asubuhi, bahari imetulia. Yule kenge bado yuko shimo la nne.

Shimo la kumi na mbili nikapiga mpira ambao sijawahi kuupiga maisha yangu yote. Ulipaa, ukashuka, ukatua hatua chache kutoka kwenye bendera. Nikaanza kutembea kifua mbele. Matawi yakatikisika. Akashuka binti yake Kigutu, nyuma yake wale wadogo wawili, akauokota mpira wangu kwa mikono miwili, mchana kweupe, akauuma, akaenda nao.

Nikamtukana. Nikamtukana yeye, ukoo wake na mti wake, mpaka sauti ikanikauka.

Mume wangu alikuwa kando yangu, miwani usoni, na alikuwa ameona kila kitu.

"Nimemwona," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua umemwona," nikamwambia. "Lakini sheria imefutwa."

Nikatoa mpira mwingine mfukoni, nikarudi kule nilikopigia, nikamwambia aniongezee pigo moja kwenye kadi. Akaandika.